Bitana ya Mdogo Wangu

Siku ile nilizima mashine yangu saa sita mchana, nikakung'uta vipande vya uzi kwenye aproni, nikatoka kiwandani Pinetown, pembeni mwa Durban, kwenda Morningside kumsindikiza mdogo wangu kliniki. Nilikuwa na furaha. Mimi na yeye tulikuwa tumemaliza kufunga siku tatu, kufunga kavu, bila chakula wala tone la maji, na nilikuwa na hakika kwamba upande wa Mungu tumekamilisha. Kilichobaki kilikuwa cha daktari.

Mdogo wangu alikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto. Mirija yake yote miwili imeziba, yai haliwezi kupita. Ndiyo maana madaktari walichukua mayai yake, wakayakutanisha na mbegu za mumewe nje ya mwili, vikapatikana viinitete viwili, yaani mimba ikiwa katika mwanzo wake kabisa, kitu kidogo kuliko tundu la sindano. Cha kwanza kiliwekwa mwaka uliotangulia, hakikushika. Cha pili kiligandishwa. Cha tatu hakikuwepo, wala hatukuwa na uwezo wa kuanza upya. Shemeji yangu anatengeneza simu kwenye kibanda mjini, na kilichoweza kuuzwa alikuwa ameshakiuza. Kwa hiyo tulikuwa na kimoja tu. Kilikuwa kinasubiri kwenye baridi kali, na mdogo wangu alikuwa anakunywa vidonge asubuhi na jioni ili mji wake wa mimba utayarishe mahali pa kukipokea.

Nesi aliyeendesha mashine ya altrasaundi alikuwa Mkenya. Hilo lilikuwa limetupa raha tangu siku ya kwanza, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kuuliza njia na kununua uzi. Yeye ndiye aliyekuwa anatutafsiria, na kwa kawaida aliongea muda wote huku anapima, habari za mvua, habari za bei ya nyanya. Siku ile macho hayakutoka kwenye skrini. Alipima, akafuta, akapima tena.

"Ukuta wa ndani ni milimita tano," alisema mwishoni. "Wiki jana ilikuwa sita na nusu, ikipanda vizuri kabisa. Sasa imeshuka. Na hapa naona kama ukuta unaanza kubomoka. Umeona damu?"

"Kidogo," mdogo wangu alisema. "Tangu jana."

Nesi akamwita daktari. Akaja mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akatazama skrini, akaongea kwa sauti ya chini. Nesi akatutafsiria kipande kipande. Daktari anasema haelewi. Anasema wapo wanawake wachache ambao mji wa mimba haujibu dawa. Anasema kama ni hivyo, hataki kukitoa kiinitete kwenye barafu, maana kikitolewa kikawekwa mahali ambapo hapajawa tayari, kitapotea, na ndicho cha mwisho. Anasema labda itabidi tukae tuongee kuhusu njia nyingine, au kuhusu kuacha.

Neno hilo la kuacha lilifika kwa Kiswahili cha Kenya, kwa upole sana, na bado lilinipiga.

"Lakini kwanza anauliza," nesi aliendelea. "Vidonge umekunywa vyote? Asubuhi na jioni, bila kuruka?"

"Ndiyo," mdogo wangu alijibu.

Nilimtazama. Alikuwa amelala chali, macho darini, vidole vinakunja ukingo wa ile karatasi wanayotandika kitandani. Nikaiona tena pakiti ya vidonge juu ya kabati la nyumba yao kule Cato Manor. Niliiona pale siku ya kwanza ya kufunga, na siku ya tatu ilikuwa palepale. Nikajisikia mimi mwenyewe nikimwambia mbele ya mumewe: hata mate usimeze ukiweza. Mama alifunga hivyo.

"Hakukunywa," nilisema.

"Yaya, wacha." Kwetu Kongo, Yaya ni dada au kaka mkubwa, na yeye hajawahi kuniita kitu kingine tangu aanze kuongea.

"Hakukunywa siku tatu nzima. Mimi ndiye nilimkataza kumeza kitu."

Nesi aliweka chini kile kifaa cha kupimia. "Kwa nini, dadangu?"

"Tulikuwa tunafunga. Tunaombea mtoto."

"Kufunga vipi? Hata maji?"

"Kavu."

Akamgeukia daktari, akamweleza kwa Kiingereza. Nilisubiri kufukuzwa. Daktari aliniangalia, akasema neno moja tu la mshangao, "Eish," halafu nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua mzigo. Akaongea haraka, na nesi naye akaanza kutabasamu kabla hajatafsiri.

"Anasema asante kwa kusema. Anasema basi mji wa mimba wa mdogo wako hauna kosa. Ulikuwa unajibu dawa, dawa ikakatika, nao ukaacha kazi. Mngenyamaza, angeandika kwenye faili kwamba haujibu."

Mpaka leo nikikumbuka kwamba faili lile lilikuwa limefunguliwa na kalamu iko mkononi, nashukuru. Nashukuru pia kwamba kiinitete kilikuwa bado kwenye baridi yake, hakijaguswa. Kosa langu lilikuwa limeharibu mwezi mmoja tu.

Daktari alipotoka, nesi alivuta kiti, akageuza fomu moja upande usioandikwa, akachukua kalamu. Alinichorea mimi. Mdogo wangu, aliyemaliza shule na anayefundisha watoto wadogo kwenye shule ya chekechea, alikuwa anayajua hayo yote. Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari.

"Unafanya kazi gani?" aliniuliza.

"Nashona. Majaketi na makoti."

"Basi bitana, kile kitambaa cha ndani, unaijua. Mji wa mimba una bitana ndani. Kila mwezi huivua, ndiyo hiyo damu ya mwezi, na kila mwezi huianza upya. Kuna homoni mbili. Ya kwanza ndiyo hii ya vidonge. Kazi yake ni kujenga. Ukuta wa ndani unanenepa siku hata siku, unaanzia milimita mbili tatu mpaka nane, tisa, na mishipa ya damu inakua humo ndani. Ukiwa mzuri, kwenye skrini utaona mistari mitatu, hivi." Akachora mistari mitatu inayokwenda pamoja, imepinda kidogo. "Hiyo homoni ikikatika, mwili unadhani mwezi umekwisha. Unaanza kuvua."

"Siku tatu tu?"

"Siku tatu zinatosha, dadangu. Mwili hauna subira."

"Na ya pili?"

"Ya pili haijengi. Inageuza. Ukuta ukishanenepa, homoni ya pili inaufanya uwe laini, seli zinavimba, tezi zinaanza kutoa chakula cha kumlisha mgeni kabla hajapata kitovu. Misuli nayo inatulia, isije ikamsukuma nje. Halafu kuna siku chache tu, karibu siku ya sita ya hiyo homoni ya pili, ambazo ukuta unakubali kushikwa. Kabla ya hapo unakataa. Baadaye unafunga tena. Ndiyo maana tunahesabu."

Nikaichukua ile karatasi, nikaikunja, nikaiweka ndani ya mkoba. Njiani niliiwaza. Bitana ya koti mimi naiweka mwisho, koti likiwa limeshakaa umbo, na nikikosea nafumua mshono nabandika kiraka, hakuna anayejua. Hii ya mdogo wangu inawekwa kwanza, kabla ya mtu mwenyewe kuwepo, na haibandikwi kiraka. Ikiharibika inavuliwa yote.

Tulishuka na barabara kwa miguu. Kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, tulisimama kungoja magari, na hapo ndipo nilipomuuliza.

"Kwa nini ulimdanganya daktari?"

"Sikutaka wakuone kama mtu wa pori."

"Na ulijua vidonge havikatizwi?"

"Nilijua. Iko imeandikwa kwenye karatasi walinipa."

"Basi kwa nini hukuniambia?"

Taa ya watembea kwa miguu ikawaka, watu wakavuka, sisi tukabaki.

"Yaya," alisema, "weye ukisema kitu, mie naweza kusema nini?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeulizwa kwa nini hapiti ukutani.

Wazazi wetu walikufa mwaka mmoja, baba kwa risasi, mama kwa ugonjwa, kule Kivu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye mitano, na katikati yetu wavulana wawili. Miaka ya njiani na ya kambini sitaisimulia hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu wa miaka kumi na minne mwenye watoto watatu hana fimbo ambayo wataiogopa, hana mali, hana cheti. Nilikuwa na neno langu tu. Nikisema tunalala hapa, tunalala hapa. Nikisema hakuna kulia mbele ya watu, hakuna kulia. Nililikaza neno hilo mpaka likawa kamba, na hao watatu waliishika wakafika nayo Durban wakiwa hai. Kwa hilo nashukuru na sitaomba msamaha. Ila mdogo wangu alikuwa ameshakuwa mwanamke wa miaka zaidi ya thelathini, mke wa mtu, mwalimu, na bado kamba iko mkononi mwangu, na sikuwa nimeiona.

Jumapili nilimfuata mama wa maombi baada ya ibada. Ni mama mtu mzima wa kwetu, anauza vitenge mjini, anaongoza maombi ya wanawake, na sauti yake inasikika mpaka barabarani. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku anakunja kitenge, kisha akaacha kukunja.

"Ngoja kwanza. Nani alikuambia dawa ni chakula?"

"Hakuna, mama."

"Dawa iko na mchuzi? Inaliwa na ugali?"

Wanawake wawili waliokuwa wanapanga viti wakacheka.

"Mie niko na sukari," aliendelea, "mwaka wa kumi na moja huu. Nikifunga, nakunywa dawa yangu na maji, tena nakula kidogo kama dokta alivyosema, na Mungu hajanifukuza. Ulimuuliza pasta?"

"Hapana."

"Uliniuliza mie?"

"Hapana, mama."

"Sasa nani alikupa hiyo sheria?"

"Mama yetu alifunga hivyo. Nilipopata surua, alifunga siku tatu, hakugusa kitu."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa hivi."

"Na surua juu yake."

"Ndiyo."

"Bon," alisema. Akakaa kwenye kiti, akanivuta nikae karibu naye, na sauti yake ikashuka. "Mtoto wa miaka tisa anaona mama yake hali chakula. Haoni kama mama anakunywa maji jikoni. Haoni kama mama alikuwa na dawa au hakuwa nayo. Unafuata kitu ulichokiona kutoka kitandani, uko na homa."

Hapo nililia, mbele ya watu. Sikulilia mimba. Nililia kwa sababu ni kweli. Karibu kila kitu nilichowafundisha wadogo zangu kama desturi ya nyumbani, jinsi ya kusalimia, jinsi ya kuosha maiti, jinsi ya kufunga, nilikitoa kwenye kumbukumbu ya mtoto, na pale penye tundu nilijaza mwenyewe. Hakukuwa na mtu wa kuniuliza una uhakika.

Mama wa maombi aliniacha nilie, kisha akanipa ncha ya kitenge kipya nijifutie. "Usinilipie," alisema, "lakini ukikipaka makamasi utakinunua." Nikacheka huku nalia. Kwa ajili yake pia nashukuru.

Damu ya mdogo wangu ilikuja yote wiki ile, bitana iliyoharibika ikatoka. Nesi alisema ni vizuri, ukuta ukianza upya unaanza safi. Siku ya pili ya damu akaanza vidonge tena. Safari hii sikuamuru kitu. Nilikuwa nikitoka kazini napita kwao, nakaa kwenye kiti cha jikoni, na kuuliza kulinitoka kama mtu anayejifunza lugha.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, Afande."

"Nauliza tu."

"Unauliza kama polisi ya mpaka. Unataka kuona ulimi?"

Shemeji yangu alicheka mpaka akaegemea friji. Yeye ni mtu wa maneno mengi, na wakati wa kufunga hakusema hata moja. Baadaye aliniambia alidhani mambo ya kufunga ni ya kwetu wawili, hakutaka kuingia kati ya mtu na mama yake. Alisema hivyo, mama yake. Sikumrekebisha.

Siku ya kumi na mbili tulirudi Morningside. Nesi alizima taa, akapima, akageuza skrini ili mimi nione.

"Hebu hesabu, fundi."

Nilihesabu. Mistari mitatu, myeupe, imekwenda pamoja kama mishono ya pindo la suruali iliyoshonwa na mtu asiye na haraka.

"Milimita tisa," alisema. "Hii sasa ni nyumba."

Siku iliyofuata ikaanza homoni ya pili. Kwake waliichagua ya sindano, dawa nzito ya mafuta, inadungwa kwenye tako kila siku saa ileile. Shemeji alijaribu kujitolea, akaona urefu wa sindano, akakumbuka simu ya mteja. Kwa hiyo nesi alinifundisha mimi kwa kutumia chungwa. Nilidunga mara moja, akasema chungwa halikutikisika, mkono ni wa kazi. Nikabadilishana zamu kiwandani ili niwe Cato Manor kabla ya saa kumi na mbili jioni kila siku, na wenzangu wa mashine, Wazulu, walinibebea saa zangu bila hata kuuliza sana. Niliwaambia tu ni mdogo wangu, anatafuta mtoto. Mmoja akasema, "Sharp, sisi, nenda," yaani sawa, dada, akavuta furushi langu la mikono ya makoti kwenye meza yake. Katika kiwanda ambacho kila mmoja anapimwa kwa idadi ya vipande, hiyo si zawadi ndogo.

"Yaya, polepole. Usinishone."

"Tulia. Nikiacha sindano ndani nitaitafuta wapi?"

"Mungu wangu. Usinichekeshe, inauma."

Nilipokuwa namdunga, nilikuwa nawaza yale nesi aliyoniambia: kwamba sasa hivi, chini ya mkono wangu, ukuta unageuka, unalainika, unaanza kutoa chakula kwa ajili ya mtu ambaye hajafika. Nilizaa watoto wangu wawili bila kujua lolote kuhusu hilo. Mwili wangu uliifanya kazi hiyo yote peke yake, mara mbili, nikiwa nafua, nikiwa nashona, nikiwa nimelala. Sikuwahi kuushukuru. Kwa hiyo nilianza kuushukuru hapo, jikoni kwa mdogo wangu, kwa kuchelewa kwa miaka mingi.

Siku ya sita ya sindano kiinitete kiliyeyushwa barafu asubuhi, kikawekwa saa tano. Aliruhusiwa mtu mmoja kuingia, na aliingia mumewe, kama inavyofaa. Mimi nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki. Haikuchukua hata nusu saa. Shemeji alitoka amevaa kofia ya kijani ya chumba cha upasuaji, ameisahau kichwani, ameshika picha ndogo.

"Shemeji, ona! Kameingia! Ona hako keupe!"

Katikati ya giza la picha kulikuwa na nukta moja nyeupe. Kwa macho yangu ingeweza kuwa vumbi. Niliishika picha ile kwa ncha za vidole.

Nesi alituambia kitakachotokea, kisha akatuambia hatutahisi lolote. Siku ya kwanza au ya pili kiinitete kinatoka kwenye ganda lake. Kinagusa ukuta. Kinashika. Kisha kinachimba, na ukuta, ukiwa tayari, unajifunga juu yake taratibu mpaka kinakuwa ndani kabisa. Ukiwa hauko tayari, kinapita. Siku kumi, halafu kipimo cha damu.

Katika siku hizo kumi niligundua kwamba sikuwa na la kufanya zaidi ya sindano ya jioni. Hakuna neno ninaloweza kusema likafika kule ndani. Nilikuwa nimezoea kushika kila kitu, na hicho hakikushikika kwa mkono wangu. Niliomba, bila kufunga, nikiwa nimeshiba. Maombi yenyewe yalikuwa mafupi. Nilisema ahsante kwa kuta mbili nilizojengewa mimi, nikaomba hii ya tatu, na nikaacha hapo.

Siku ya kumi nilikuwa kwenye mashine. Simu ikatetemeka ndani ya aproni. Kiwandani hatujibu simu, lakini msimamizi wa safu yetu alinitazama, akageuka akatazama ukutani, akakaa hivyo makusudi.

"Yaya."

"Sema."

"Nesi amepiga."

"Sema basi."

"Imeshika."

Mashine za pembeni zilikuwa zinalia, nikamwambia arudie, si kwa sababu sikusikia. Akarudia. Nikamsikia shemeji nyuma yake akipiga makofi na kumwambia mtu fulani, bila shaka mteja wa simu, kwamba leo matengenezo ni bure. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka, na mimi nikafanya ninachofanya siku zote nikifurahi au nikiogopa. Nikaanza kutoa amri.

"Sasa sikiliza. Unaacha kazi leo. Piga simu shuleni, waambie huendi tena mpaka uzae. Ulale. Usinyanyue hata ndoo. Mie nitahamia kwenu, nitalala pale sebuleni, nitakupikia uji asubuhi na jioni—"

"Hapana."

Nilidhani ni kelele za mashine.

"Hapana, Yaya," alisema tena, na sauti yake ilitetemeka kidogo, kisha ikakaa sawa. "Nesi amesema nitembee, nifanye kazi kama kawaida. Vidonge na sindano naendelea mpaka wiki ya kumi na mbili, halafu kondo la nyuma litatengeneza homoni lenyewe. Watoto wananingoja kesho, tunajifunza rangi. Naenda kazini. Weye ulale kwako."

Katika miaka yote hiyo ya kumlea, hiyo ilikuwa hapana yake ya kwanza kwangu. Nilisimama na simu sikioni, na wanawake wa safu nzima wameacha kushona wananitazama usoni kujua ni habari gani, nzuri au mbaya.

"Yaya? Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Unalia?"

"Niko kazini, mama. Nitakuja saa kumi na moja na nusu, kama utaniruhusu."

"Njoo," alisema. "Lakini usije na uji."